Boksi la vitabu limefika shuleni: kuna cha ndege, kuna cha hadithi, na swali la mtoto limenishinda

Mwalimu_Bonde:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza. Nafundisha sayansi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kukabidhiwa ufunguo, mimi ndiye mkutubi pia. Maktaba yenyewe ni makabati mawili na meza moja yenye mguu wa tofali.

Jumamosi asubuhi nina klabu ya ndege. Watoto 14, darubini moja. Kioo cha kushoto kimeota ukungu, kwa hiyo kila mtoto anafumba jicho moja kama mlenga shabaha. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu, tunapita kando ya michungwa, tunashuka mtoni, tunarudi kabla jua halijawa kali. Daftari la klabu lina ndege 37, ila msinisifu mapema: "kandege ka kahawia" kameandikwa mara sita kwa tarehe tofauti.

Mwezi uliopita tuliletewa boksi la vitabu vilivyotumika kutoka Uingereza. Humo ndani, chini ya vitabu vya kupika keki na kamusi ya Kifaransa, nimekuta viwili vilivyonileta hapa.

Cha kwanza ni Birds of East Africa cha Stevenson na Fanshawe, toleo la 2002. Nilikishika kama mtu aliyeokota pochi. Ndege zaidi ya 1,300 wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, pamoja na ramani zao. Ila ni kizito, Kiingereza chake ni cha watu wazima, na watoto kila wakifunua wanakutana na jina la mtu. Huyu ndege wa Fischer, yule wa Von der Decken, wa Jackson, wa Hildebrandt. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hawa ndio wenye hao ndege?" Nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo.

Cha pili ni hadithi, The Island of Adventure cha Enid Blyton, chapa ya zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Nilikisoma nikiwa kidato cha kwanza nikakipenda mno. Kuna mvulana anaitwa Jack, mwendawazimu wa ndege, ana kasuku anayeropoka, na ndoto yake ni kumwona yule ndege mkubwa asiyeruka wa Atlantiki ya Kaskazini, ambaye wawili wa mwisho wanaojulikana waliuawa Aisilandi mwaka 1844. Nikasema hiki ndicho cha klabu. Nikawa nawasomea baada ya matembezi, chini ya mwembe, nikifasiri papo kwa papo.

Mpaka akaingia Jo-Jo. Kwenye chapa hiyo Jo-Jo ni mtumishi wa nyumba, mtu mweusi, na weusi wake unatajwa na kutajwa kana kwamba ni ushahidi mahakamani. Ndiye mbaya wa hadithi. Nilikuwa nimesahau kabisa! Nilipokuwa na miaka 14 mimi nilikuwa upande wa Jack, tunatafuta ndege pamoja, na Jo-Jo alikuwa adui yetu sote wawili. Safari hii ulimi ulikwama. Nikaliruka neno, nikasema "mtumishi mmoja mkali".

Kuna binti wa darasa la tano, nimwite Mwanaidi. Alilelewa Nairobi kwa shangazi yake na Kiingereza chake kinanizidi. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akifuata mistari. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayekukumbusha umesahau chenji: "Mwalimu, umeruka. Hapo wameandika mweusi." Akatulia kidogo. "Kwa nini wa ndege ni mzungu na mbaya ni mweusi?"

Nikawaambia tuingie ndani, mvua inakuja. Haikuwa inakuja.

Naomba msaada wenu. Hicho cha hadithi nikifiche, niendelee nacho, au vipi? Na kitabu cha ndege nakitumiaje kwa watoto wa miaka kumi na moja ambao wanajua shore na chozi lakini hawamjui Fischer?

---

ChomaMoto:

Choma. Ukoloni ulishaisha, mnaufuga kabatini wa nini?

---

Mwalimu_Bonde:

Ndugu, kwa kanuni hiyo kabati langu nitabaki na ramani ya Tanga na vitabu vya keki.

---

Mzee_Hondohondo:

Mwalimu, salaam kutoka Amani, hapo juu yako tu. Mimi ni mwongoza wageni wa ndege, mwaka wa 26 sasa. Nianze na kitabu cha ndege kwa sababu hicho nakijua kama kiganja.

Kwanza kifunike kwa nailoni leo usiku, usisubiri kesho. Changu cha kwanza kilikuwa kile kidogo cha John Williams cha 1963, nilipewa na mgeni. Kilikufa kwa jasho. Nilikibandika kwa gundi ya viatu mpaka kikawa hakifungi, na hata hivyo hakikuwa na picha za ndege wote, nusu ya wale wa msitu wetu niliwajua kwa kuuliza wazee na kwa masikio.

Pili, usiwape watoto ndege 1,300. Wape 30. Anza na wale ambao tayari wana jina mdomoni: hondohondo, shore, chozi, tiva, mnana, dudumizi, tetere, ninga, mbayuwayu, bundi. Mwache mtoto amkute kitabuni ndege anayemjua nyumbani, atakiona kitabu ni chake. Ukianza na ndege asiyemjua, kitabu kinabaki cha mgeni.

Sasa hao watu. Fischer alikuwa daktari Mjerumani, alifika Unguja mwaka 1876, na 1882 akaingia bara mpaka Umasaini. Von der Decken alikuwa baroni, alijaribu kupanda Kilimanjaro akashindwa, akauawa mwaka 1865 huko Bardera, mto Juba. Jackson alikuwa gavana wa Uganda. Hildebrandt naye mkusanyaji. Mtindo ulikuwa mmoja: ndege anapigwa, ngozi inajazwa pamba, inafungwa kikaratasi mguuni, inapanda meli kwenda Berlin au London, na huko bwana aliyekaa mezani anampa jina. Jina lenyewe linakuwa la rafiki yake, au la aliyegharamia safari. Waambie watoto hivyo hivyo bila kuzunguka. Watoto wanaelewa habari ya kupeana vitu kiukoo.

Huku kwetu Amani ndiyo usiseme. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Bundi wetu mkubwa wa Usambara kwa jina la kisayansi ni vosseleri, kwa heshima ya mtaalamu wa wanyama wa kituo hicho. Wakaja Waingereza, na 1928 akaja Reginald Moreau, mhasibu aliyegeuka kuwa mtu wa ndege. Kuna kandege kenye mdomo mrefu ambako wageni wanavuka bahari kuja kukatafuta kwenye miti yetu, kanaitwa moreaui. Na mke wake Winifred naye ana wake kule Uluguru, alipewa na mumewe mwaka 1938. Huyo mzee simchukii hata kidogo. Alikaa, alitazama viota kwa miaka, alijua alichokiandika. Lakini hakutazama peke yake, na wale waliopanda mti kuhesabu mayai hawakupata ndege.

Mmoja tu ninayemfahamu alipata. Aliitwa Jali Makawa, mtu wa Malawi, alifanya kazi miaka mingi na Mwingereza aliyeitwa Benson. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi mwa Zambia, walipata kandege ka jamii ya wale wanaogonga "tonk, tonk, tonk" kama fundi bati. Benson akakaita makawai. Ngozi ni ile moja tu, iko Tring, Uingereza, na tangu siku ile hakuna aliyekaona kandege hako tena. Yaani Mwafrika kapewa ndege, na ndege mwenyewe haonekani. Wageni wangu wakisikia hiyo wananyamaza hatua kumi nzima.

Ukitaka kusoma mwenyewe, si ya watoto, tafuta Birders of Africa cha Nancy Jacobs, 2016. Kinawataja watu kama Jali.

Na moja ya kuwachekesha klabu. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa kambini milima ya Udzungwa. Katika sufuria ya mboga wakaona miguu ya ndege wasiyoitambua. Ikawa ni aina mpya ya kwale, tena ndugu zake wa karibu wako Asia, na 1994 akatangazwa kwa dunia. Mpya kwa nani? Aliyemtia chumvi alikuwa anamjua siku zote.

---

Skauti_Nyeri:

Mwalimu, salamu kutoka Nyeri, Kenya. Nimekuwa kiongozi wa skauti hapa kwa muda, na hilo swali la Mwanaidi nimelikwepa mara nyingi kuliko wewe, kwa hivyo usione haya.

Hapa mjini kuna nyumba ndogo ndani ya uwanja wa hoteli, inaitwa Paxtu. Baden-Powell aliishi humo miaka yake ya mwisho na akafa Januari 1941. Watoto wa skauti wanakuja kutoka dunia nzima kuona kaburi lake, limechorwa duara lenye nukta katikati, alama yetu ya "nimerudi nyumbani". Huyu ni jenerali wa vita vya makaburu, na ndiye yule aliyechukua hadithi za Kipling za mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu msituni India akazifanya mchezo wa skauti wadogo mwaka 1916. Mpaka leo kiongozi wa skauti wadogo anaitwa Akela, jina la mbwa mwitu mkuu wa hadithi hizo. Na mwaka 1938, akiwa mzee, alichapisha Birds and Beasts in Africa, na michoro ni yake. Kwa hivyo mtu mmoja, ndege ndani, vitabu vya watoto ndani, milki ya Mfalme ndani. Ukitaka kutenganisha utapasua karatasi.

Alipokufa, nyumba hiyo hiyo baadaye ikapata mpangaji mwingine: Jim Corbett, yule mwindaji wa simba marara na chui wala watu wa Kumaon. India ilipopata uhuru 1947 yeye na dada yake wakahamia huku. Alizikwa Nyeri, makaburi yale yale ya Baden-Powell. Watu wanamjua kwa chui, lakini mimi namsoma kwa sababu ya ndege. Katika Jungle Lore, 1953, anaeleza alivyokuwa mtoto akawagawa ndege wa msitu wao mafungu sita, na hakufuata rangi wala ukubwa, alifuata kazi. Wanaopamba bustani. Wanaoimba. Wanaopanda upya, yaani wanakula matunda na kuangusha mbegu. Wanaotoa tahadhari. Wanaozuia wengine wasizidi. Na wanaosafisha mizoga.

Hiyo nimeiiba mzima mzima. Nawapa watoto daftari, kurasa sita, na kila ndege tunayemwona lazima apate kazi. Wanabishana vibaya sana! Hondohondo anaimba au anapanda? Kunguru asafishe peke yake au pia ni mwizi? Hakuna anayetaka darubini siku hiyo. Na ni mbinu ya mzungu wa milki, aliyejifunza msituni akiwa na manati. Ninaitumia na jina lake nalitaja, hata habari ya bunduki yake naitaja.

Jambo la mwisho, halafu niwaachie wengine. Nairobi kwenye jumba la makumbusho watu wanatembea kutazama ndege kila Jumatano asubuhi tangu miaka ya 1970, na aliyewaongoza miaka hiyo yote ni Fleur Ng'weno. Ni yeye huyo pamoja na mumewe Hilary waliotoa gazeti la watoto lililoitwa Rainbow. Nilijifunza kusoma na Rainbow. Ukipata nakala kuukuu mahali popote, nunua bila kuuliza bei.

---

Kidagaa_Unguja:

Msisahau kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu si wetu, ni wa India, aliletwa Unguja miaka ya 1890 Waingereza walipokuwa wanataka usafi wa mji. Wakasema atakula taka. Kala taka, kala vifaranga, kala mayai ya chozi, kavuka bahari mpaka kwenu. Ukitaka kuwaeleza watoto ukoloni ni nini, mwoneshe kunguru na ukae kimya.

---

MkomaniLamu:

Mwanangu mwalimu, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Lamu, jicho moja nalo lina ukungu kama darubini yako, kwa hiyo samahani kwa makosa ya chapa.

Mnazungumza kama vile vitabu hivyo vilitujia jana kwenye boksi. Sisi tulisomeshwa navyo, na kwa Kiswahili kitamu! Baba yangu alikuwa na Mashimo ya Mfalme Sulemani, kile cha Haggard, alichokifasiri Frederick Johnson, kimetoka 1929. Johnson huyo ndiye akawa katibu wa kwanza wa ile kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili. Kwa hiyo hicho Kiswahili sanifu unachofundishia, mwanangu, kilipitia mkononi mwa mtu aliyekuwa anatufasiria hadithi za wazungu wanaotafuta almasi zetu. Baba alikuwa anatusomea usiku kwa kandili, na tulipofika kwenye pango tukajificha chini ya shuka. Hatukujiuliza almasi ni za nani. Tulitaka watoke pangoni salama, basi.

Halafu nikaja kujua, mtu mzima tayari, kwamba ndugu yake Haggard, Jack, alikuwa makamu wa balozi wa Uingereza hapa hapa Lamu miaka ya 1880. Na kitabu kilichofuata, Allan Quatermain cha 1887, safari inaanzia kwetu, wanapanda mto Tana. Nilikisoma kwa hamu nikitafuta mji wangu. Niliupata umeandikwa kwa pua iliyokunjwa. Nilikasirika wiki nzima, na bado sikuweza kukitupa, kwa sababu gani? Kwa sababu mji wangu umo.

Sasa nikupe kimoja cha kukufurahisha. Mwaka 1940 huko London walichapa Elisi katika Nchi ya Ajabu, ndiye Alice yule yule, na katika michoro Elisi ni msichana wa Kiafrika. Wakati wa ukoloni, mwanangu! Mchoraji aliona msomaji wake ni nani akamchora. Kwa hiyo msiniambie kwamba akina Jo-Jo waliandikwa hivyo kwa kuwa zama zile hakuna aliyeweza kufikiri vingine.

Na katika hadithi hiyo kuna ndege dodo, mkubwa, asiyeruka, wa kisiwa cha Morisi. Mabaharia wa Ulaya walimkuta, na kabla karne ya 17 haijaisha alikuwa ameshakwisha. Huyo ni ndugu wa msiba na yule wa Jack. Waulize watoto wako dodo ni nini. Najua watajibu ni embe.

---

Mtanga_Leeds:

Mwalimu, mimi ni mtu wa Ngamiani, niko Leeds mwaka wa tisa, nina wanangu wawili wanaosoma hivi vitabu shuleni, kwa hiyo nina taarifa moja ndogo. Hicho cha Blyton ukikinunua leo dukani Jo-Jo hayumo. Anaitwa Joe, na ni mzungu. Matoleo ya baadaye walibadilisha. Hadithi ni ile ile, kasuku ni yule yule.

Kuna vingine vya ndege ambavyo mwanangu wa kwanza anavipenda, vya Arthur Ransome. Coot Club, 1934, watoto wana chama chao cha kulinda viota. Great Northern?, 1947, watoto wanaona ndege wawili wanatagia kwenye ziwa huko visiwa vya Uskoti, na mbaya wa hadithi ni mzungu tajiri anayekusanya mayai, anataka kuwapiga risasi hao ndege ili apate sifa ya kuwagundua. Nilipomsomea mwanangu nikamkumbuka bwana wa pamba na kikaratasi aliyemtaja Mzee Hondohondo. Lakini usidhani nimekupa dawa safi. Katika Swallows and Amazons, cha kwanza cha mfululizo huo, watoto wanajifanya wapelelezi na watu wazima wote wanawaita "wenyeji", kwa ile maana yenyewe unayoijua. Na hao wa Uskoti wanaitwa washenzi kabla ya kuwa marafiki. Mwanangu aliniita "baba mwenyeji" nyumbani mpaka nikampiga marufuku.

Jingine. Mbayuwayu. Huku wanatagia kwenye mabanda ya ng'ombe, Septemba wanaondoka. Zamani watu walibishana wanakwenda wapi. Mwaka 1911 mtu mmoja wa Staffordshire alimvisha mbayuwayu pete mguuni, na Desemba 1912 akashikwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Wanangu nikiwaambia kwamba mbayuwayu wanapita juu ya kwa babu yao, wanatoka nje kuwapungia mkono.

Darubini nakutafutia. Ya mitumba, lakini macho yote mawili.

---

Mwalimu_Bonde:

Wakuu, nimechelewa kurudi, kulikuwa na mitihani. Shikamoo Mama wa Mkomani. Dodo ni embe, wote 14.

Kitabu nimekifunika nailoni. Cha hadithi nimekisoma upya Jumamosi iliyopita, nikarudi nyuma mpaka pale nilipoliruka neno, na nikalisema. Niliwaambia kwamba niliruka kwa sababu niliona aibu, na kwamba mvua nayo niliitunga. Hiyo ya mvua iliwauma zaidi, kuna mmoja alisema alikuwa amemwona tai siku ile nikamfukuza ndani.

Kisha nikawaambia alichoandika Mtanga, kwamba vitabu vipya vimemfanya Jo-Jo kuwa mzungu. Nilidhani watafurahi. Mwanaidi akauliza, "Kwa hiyo wamempaka rangi tu?" Mwingine akasema afadhali, mwingine akasema si afadhali, sasa hatumo kabisa. Wakagombana mpaka jua likawa kali. Mimi sikutoa hukumu, na kwa kweli sina. Wamepiga kura tuendelee kukisoma, 9 kwa 5, kwa sharti kwamba nisiruke kitu. Wale watano wanakuja pia, wanakaa pembeni na kujifanya hawasikilizi.

Kurasa sita za Corbett tumeanza. Kunguru yupo kwenye mbili. Dudumizi ametuletea ugomvi kwa sababu nusu wanamwita tipitipi, na upande wa Wasambaa wana jina lao jingine, tumeandika yote matatu na jina la aliyelileta. Kule juu ya ukurasa nimeona mtu ameandika kwa penseli "Ndege wa Mwanaidi" pembeni ya kandege ka kahawia. Nimeliacha.

Mzee Hondohondo, nina swali lako. Kwenye kichaka kando ya mto kuna ndege tunamsikia kila wiki na tumemwona mara moja tu. Juu mweusi, chini mweupe, mstari mweupe bawani. Sauti yake ni ya ajabu, inaanza kama kengele, halafu hapo hapo inakatika na kuwa kama mkwaruzo. Watoto wamekwama: wengine wanasema ni ndege mmoja mwenye sauti mbili. Mwanaidi anasema ni wawili. Kitabuni nimeona wa kufanana naye kadhaa, nimeshindwa.

---

Mzee_Hondohondo:

Huyo ni tiva, mwalimu, na binti yuko sahihi. Ni wawili, dume na jike. Mmoja anapiga kengele, mwenziwe anaingia papo hapo, wamezoeana hivi kwamba huwezi kusikia mshono.

Usiwaeleze. Jumamosi waweke watoto saba upande huu wa kichaka na saba upande ule, wafumbe macho, na akiimba kila mmoja anyooshe kidole anakosikia. Kisha wafumbue waangalie vidole.